Vijidudu Vinavyolinda Mizizi: Habari kwa Wakulima wa Taita na Taveta

Katika vilima vya Taita, toka Werugha hata Mgange na Mwanda, mvua za vuli zinapoanza karibu kila mwenye kipande cha ardhi hupanda maharagwe. Mbegu huota vizuri, na juma la kwanza shamba hupendeza macho. Kisha, baada ya majuma mawili au matatu, hapa na pale mche mmoja hugeuka rangi ya manjano, majani ya chini hudondoka, na ukivutwa kwa vidole viwili hung'oka bila ubishi. Mwenye shamba huilaumu mvua, au humlaumu aliyemwuzia mbegu. Wengine hukimbilia dukani kununua mbolea wakidhani kuwa ardhi imechoka. Wachache tu ndio wauchimbuao mche ule kwa jembe na kuutazama mzizi wake.

Autazamaye ataona ishara wazi. Mzizi mkubwa una michirizi myekundu kama kutu, ambayo baadaye hugeuka kahawia na kukauka, na vijizizi vya pembeni vimekwisha. Mara nyingine mmea wenyewe hujaribu kujiokoa kwa kutoa mizizi mipya juu kabisa, karibu na uso wa udongo. Hiyo ni kazi ya kuvu iitwayo fusariamu. Ikiwa mzizi umeoza kwa majimaji, laini kama kitu kilichochemshwa, na mche umekufa ungali mdogo, basi mwenye kosa aelekea kuwa pithiamu, ambayo hupenda ardhi iliyolowa. Mara nyingi maradhi haya huwa pamoja katika shamba moja, na mkulima huyaita yote kwa jina moja, kuoza kwa mizizi.

Ubaya wa fusariamu si kuua mmea tu. Hujitengenezea chembe ndogo zenye ganda nene, nazo hulala udongoni miaka mingi zikingoja mzizi upite karibu. Mtu mwenye ekari kumi aweza kuliacha shamba la maharagwe na kuhamia upande mwingine. Lakini katika Taita ya juu mashamba yamegawanyika kwa urithi hata yakawa vijisehemu vidogo juu ya matuta, na mwenye nusu ekari hana mahali pa kuhamia. Hupanda maharagwe pale pale msimu baada ya msimu, na kila msimu akiba ya kuvu huongezeka. Dawa ya kunyunyiza juu ya majani haiufikii ugonjwa ulio chini ya ardhi, na kuumwagia udongo wote dawa ni gharama isiyolingana na debe mbili za maharagwe.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa kilimo wamegeuza macho yao na kuvitazama viumbe vingine vikaavyo mle mle udongoni pamoja na kuvu.

Watu wengi wakisikia neno vijidudu hufikiri maradhi tu. Kumbe katika udongo wenye rutuba, ule uwezao kuenea katika kijiko cha chai, vimo vijidudu kwa mamilioni, na walio wengi hawamdhuru mtu wala mmea. Tena havikutawanyika sawasawa. Hujazana kando ya mizizi. Mnamo mwaka 1904 mtaalamu Mjerumani, Lorenz Hiltner, aliupa jina maalumu ule utando mwembamba wa udongo unaoushika mzizi, kwa kuwa alitambua kwamba maisha yaliyomo humo ni tofauti na ya udongo ulio mbali kidogo. Sababu yake ni chakula. Majani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, nayo sehemu ya sukari hiyo hushuka hadi mizizini na kuvuja nje pamoja na vitu vingine. Mzizi hulisha majirani zake. Kuvu huijia karamu hiyo, na vijidudu vyema huijia vile vile.

Miongoni mwa vijidudu vyema, aina mbili zimesifiwa zaidi katika kuzuia maradhi ya kuvu. Ya kwanza ni basilasi, kijidudu chenye umbo la kijiti. Vikipangwa mia tatu au mia nne kwa mstari mmoja havizidi urefu wa milimita moja. Sifa yake kubwa ni kwamba ukame au joto likija hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala, hata maji yakipatikana akaamka. Ndiyo maana basilasi yaweza kukaushwa, kutiwa katika paketi na kuuzwa dukani. Aina ya pili ni sudomonasi. Hii huzaana upesi na ni hodari kuuenea mzizi, lakini haina ganda la kujifichia, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuiweka akiba.

Vijidudu hivi hufanya kazi kwa njia kadha wa kadha, na zote zahitaji vifike kabla ya adui. Kwanza, hukalia mahali. Mzizi una sehemu chache za kukalia na chakula cha kiasi, na mwenye kuwahi ndiye alaye. Pili, hutoa sumu zao wenyewe zinazotoboa ngozi ya kuvu na kuizuia isikue. Atakaye kuiona nguvu hiyo kwa macho huiona katika maabara, ambako basilasi na kuvu zikipandwa katika sahani moja, kuvu hukua upande wote ila upande ule wenye basilasi, na baina yao hubaki uwanja mtupu. Tatu, hunyang'anya madini ya chuma. Kila kiumbe chahitaji chuma kidogo, na katika udongo chuma kinachoweza kuliwa ni haba. Mwaka 1980 Joseph Kloepper na wenzake huko California, Marekani, walieleza kwamba sudomonasi hutoa kitu kinachokamata chuma karibu na mzizi na kukifunga, hata kuvu ikabaki na njaa.

Njia ya nne ndiyo iliyowashangaza wengi. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walizitia vijidudu hivi mbegu za matango, kisha miche ilipokua wakayapaka majani kuvu iletayo madoa. Vijidudu vilikuwa chini mizizini na kuvu ilikuwa juu majanini, wala havikukutana kamwe. Hata hivyo ile miche yenye vijidudu iliugua kidogo kuliko mingine. Maana yake ni kwamba mmea, ukiguswa na vijidudu vyema mizizini, huamsha kinga yake mwilini mwote ukawa tayari kabla ya adui kubisha hodi.

Taita haikuachwa nyuma katika uchunguzi wa mambo haya. Kuanzia mwaka 2002 ulifanyika mradi mkubwa wa kuchunguza viumbe vya chini ya ardhi katika nchi saba: Brazil, Mexico, Côte d'Ivoire, India, Indonesia, Uganda na Kenya. Fedha zilitoka katika Mfuko wa Mazingira wa Dunia kwa njia ya Umoja wa Mataifa. Hapa Kenya sehemu mbili zilichaguliwa, nazo ni Embu na Taita. Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichukua udongo chini ya msitu wa asili, chini ya miti ya kupandwa, katika majani ya ng'ombe, katika mahindi na katika bustani za mboga, wakahesabu minyoo, mchwa, kuvu na vijidudu. Hawakuishia kuhesabu. Kuvu nyingine iliyo rafiki wa mkulima, iitwayo trikodama, ilijaribiwa katika mahindi na maharagwe, na basilasi vile vile ikajaribiwa pamoja na samadi ya ng'ombe.

Hilo la samadi lastahili kukaziwa, kwa kuwa wengi hulipita. Kijidudu kinachotiwa katika udongo mkavu usio na mboji ni kama mgeni aliyepewa nyumba bila chakula. Huishi siku chache akafa, au hulala asifanye kazi. Samadi iliyooza vizuri hufanya udongo ushike maji, hulisha vijidudu vilivyoletwa na vilivyokuwamo, na hulegeza ardhi mzizi upite kwa urahisi. Samadi mbichi haifai. Huunguza mizizi na yaweza kuleta maradhi mapya. Wako wasemao kwamba njia fupi ni kwenda kuchota udongo mweusi wa msitu wa Ngangao au Chawia na kuutia shambani. Hiyo si njia njema. Misitu ya Taita ni midogo mno na ina viumbe visivyopatikana penginepo duniani, na zaidi ya hayo, aletaye udongo wa mahali pengine hajui ameleta nini pamoja na wale marafiki.

Tena pana kosa la kuchanganya mambo mawili. Wakulima wengi wamekwisha kusikia habari za Biofix, unga wa vijidudu uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambao hupakwa mbegu za maharagwe na soya. Vijidudu vya unga huo ni rizobia. Kazi yao ni kukaa ndani ya vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Ni kazi njema sana, na mmea ulioshiba huvumilia ugonjwa kuliko mmea wenye njaa, lakini rizobia si askari wa kuvu. Anunuaye rizobia akitumaini kuponya mizizi inayooza atasikitika bure, naye atawaambia jirani zake kwamba vijidudu ni uongo.

Hata vijidudu vinavyopigana na kuvu kwa hakika vina mipaka yao, na hapa ndipo wauzaji wengine husahau kusema kweli. Havimponyi mgonjwa. Mche uliokwisha kuoza mzizi hauna tena mahali pa kukalia kijidudu, na kuumwagia dawa hiyo ni kupoteza fedha. Wala havifanyi kazi sawasawa kila mahali. Kijidudu kilichofanya ajabu katika maabara, au katika shamba la nchi nyingine, chaweza kushindwa kabisa katika udongo wa Kishushe au wa Sagalla, kwa kuwa joto, unyevu, uchachu wa udongo na majirani kilichowakuta si wale wale. Kati ya mwaka 2009 na miaka iliyofuata, bidhaa nyingi za namna hii zilipimwa katika mradi mmoja uliofanyika Kenya, Ethiopia na Nigeria. Chache zilionyesha faida ya kutegemewa, na nyingi hazikuonyesha kitu. Zilipofunguliwa paketi na kupimwa maabarani, nyingine zilikutwa na vijidudu ambavyo havikutajwa juu ya karatasi yake, na nyingine hazikuwa kabisa na vile vilivyotajwa.

Haifai kukata tamaa kwa habari hiyo, ila inafaa kununua kwa macho mawili. Sheria ya Kenya yataka kila bidhaa inayouzwa kwa ajili ya kuzuia maradhi ya mimea isajiliwe na bodi ya Serikali ijulikanayo kwa herufi PCPB, hata kama kilichomo ni kiumbe hai. Nambari ya usajili huandikwa juu ya karatasi ya paketi, ikitanguliwa na herufi PCPB(CR). Mnunuzi aitafute. Kisha atafute jina la kijidudu, jina la mmea na la ugonjwa kilichoandikishwa kwacho, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho ya kutumika. Paketi isiyo na tarehe iachwe hapo hapo juu ya meza ya mwenye duka.

Na tarehe njema pekee haitoshi. Voi iko chini, karibu mita 600 tu juu ya bahari, na jua lake lajulikana. Mtu anunuaye paketi Voi saa nne ya asubuhi, akaiweka mbele ya kioo cha matatu, akangoja abiria wajae, kisha akapanda nayo hadi Wundanyi, huenda amefika na unga mtupu. Basilasi ndani ya ganda lake aweza kustahimili. Sudomonasi na rizobia hawawezi. Paketi ifungwe kwa kitambaa, itiwe katikati ya mzigo, na nyumbani iwekwe mahali pa baridi penye giza, mbali na jiko na mbali na dawa za kuua wadudu.

Katika kupanda, desturi iliyo rahisi ni kuzipaka mbegu. Mbegu zimwagwe katika karai safi kivulini, zinyunyizwe maji kidogo yaliyotiwa sukari au gundi ili unga ushike, kisha unga utiwe kwa kipimo kilichoandikwa na mbegu zigeuzwe polepole hata zote zipate rangi moja. Zisisuguliwe kwa nguvu, ganda likachubuka. Maji ya mvua au ya mto ni bora kuliko ya bomba yenye dawa. Aliye na maji ya bomba tu na ayaache wazi usiku kucha. Mbegu zipandwe siku ile ile, asubuhi mapema au jioni, katika udongo wenye unyevu, zikafukiwe mara moja, maana mwanga wa jua huua vijidudu. Mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya kuvu kiwandani, zile zenye rangi nyekundu au ya samawati, zahitaji uangalifu. Dawa hiyo yaweza kuua vijidudu pia, na haifai kuchanganya pasipo kumwuliza Bwana Shamba au kusoma maagizo.

Yote hayo hayafai kitu ikiwa maji yamesimama. Katika mashamba ya matuta, maji ya mvua kubwa hutuama nyuma ya ukingo, na hapo ndipo pithiamu hustawi na miche hufa kwa mistari mizima. Mifereji izibuliwe kabla ya mvua, na maharagwe yapandwe juu ya vijituta. Wakati wa palizi udongo upandishwe shinani ili mmea uliojeruhiwa upate kutoa mizizi mipya. Na hata mwenye nusu ekari aweza kuugawa uwanja wake, sehemu ikapandwa mahindi peke yake au viazi vitamu kwa misimu miwili, ili akiba ya kuvu ipungue. Kijidudu hushinda adui mia kwa urahisi kuliko adui elfu.

Kule chini Taveta habari ni nyingine kidogo, kwa sababu mali ya watu ni migomba. Adui ni fusariamu wa namna yake, aletaye mnyauko. Majani ya nje hugeuka manjano, huvunjika na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi ya nyasi, na shina likikatwa huonekana nyuzi za kahawia au nyekundu ndani yake. Ndizi sukari na ile iitwayo Kampala ndizo hushikwa zaidi na aina ya kuvu iliyokaa Kenya miaka mingi. Aina nyingine yenye ukali zaidi, iuayo hata ndizi zile zilizotumainiwa kuwa sugu, iligunduliwa kaskazini ya Msumbiji mwaka 2013, na ndiyo sababu Serikali hukataza kubeba machipukizi ya migomba kuvuka mipaka ovyo. Kuvu hii huishi udongoni miongo ya miaka hata pasipo mgomba. Husafiri katika chipukizi lililotolewa kwa jirani kwa nia njema, katika udongo ulioshika jembe, na katika maji ya mfereji yatokayo shamba moja kwenda jingine.

Hapa vijidudu vyema vina nafasi moja iliyo bora kuliko zote, nayo ni katika kitalu. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 wakulima wa Kenya wamekuwa wakipata miche ya migomba iliyokuzwa ndani ya chupa maabarani. Miche hiyo ni safi, haina ugonjwa. Lakini usafi huo una upande wake wa pili, kwa kuwa mche uliokulia chupani haukukutana na adui wala rafiki. Ukipelekwa moja kwa moja katika udongo wenye kuvu, wa kwanza kuugusa mzizi wake ni kuvu. Ukitiwa vijidudu vyema wakati wa kuhamishwa toka chupani kwenda katika mifuko ya kitalu, hukaa navyo majuma kadhaa na huingia shambani ukiwa umekwisha kuzungukwa. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa katika nchi nyingi na yamepunguza mnyauko, ingawa hayakuuondoa. Mwenye kununua miche na amwulize mwenye kitalu kama ametia kitu, na ni kitu gani. Shimo lililokufa mgomba kwa mnyauko lisipandwe tena ndizi sukari, hata kama mche umetiwa vijidudu vya namna gani. Lipandwe ndizi isiyoshikwa na ugonjwa huo, au zao jingine kabisa.

Mkulima asiyetaka kuamini maneno ya karatasi, wala ya muuzaji, anaweza kupima mwenyewe kwa gharama ndogo. Na achague mahali ambapo maharagwe yaliugua msimu uliopita. Apige mistari minne, kati ya mstari na mstari pawe na hatua moja, na kila mstari autie mbegu 100 za aina moja na samadi ya kipimo kimoja. Mstari wa kwanza na wa tatu upandwe mbegu tupu. Wa pili na wa nne mbegu zilizopakwa vijidudu. Zile tupu zipandwe kwanza, kabla mikono na karai havijashika unga, la sivyo mistari yote itakuwa na vijidudu na hakuna kitakachopimwa. Vijiti vyenye alama viwekwe mwishoni mwa kila mstari, na watoto waonywe wasivihamishe. Siku ya 21 ihesabiwe miche iliyo hai. Maua yakianza kutoka ing'olewe miche mitano kila mstari, mizizi ioshwe na kulinganishwa, na wakati wa mavuno maharagwe makavu ya kila mstari yapimwe peke yake katika mizani ya dukani.

Hesabu hizo ziandikwe katika daftari pamoja na tarehe ya kupanda na siku za mvua kubwa. Msimu wa pili jaribio lirudiwe katika sehemu nyingine ya shamba, kwa maana tofauti iliyoonekana mara moja tu huenda imetokana na udongo wa mstari ule, si vijidudu.